Dunia Nzima Katika Sinia Moja: Historia ya Jiko la Gikundamvura



Ndugu wasomaji wetu, akina baba na akina mama, na nyinyi watoto ambao mnasomewa ukurasa huu baada ya chakula cha jioni. Leo tunaingia jikoni. Mapishi yatakuwapo, lakini zaidi ya mapishi tunataka kutoka humo na historia, kwa sababu jiko la nyumbani linahifadhi mambo mengi ambayo hayakuandikwa na mtu yeyote.

Nianze na kisa kidogo. Muhula uliopita binti yangu alirudi kutoka shuleni na kazi ya nyumbani. Mwalimu aliwataka wanafunzi waandike ni vyakula gani vya mataifa mengine vinavyopikwa majumbani mwao. Nilipofungua daftari lake nikakuta mstari mmoja tu: kwamba nyumbani kwetu hatupiki vyakula vya mataifa, tunapika vya kawaida. Nikamuuliza, hivyo vya kawaida ni vipi? Akahesabu kwa vidole: wali, maharage, ubugari wa muhogo, isombe, isambaza, chapati, na pilau siku ya Idi.

Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka, maana niligundua kwamba mtoto alikuwa anaona haya. Rafiki yake, ambaye shangazi yake anaishi Kigali, alikuwa ameandika piza na shawarma, na darasa zima likamshangilia. Binti yangu akajiona katoka katika nyumba isiyojua dunia.

Ndugu zangu, makala hii ni jibu langu kwake, na nimeona niwashirikishe na nyinyi, kwa sababu najua si mtoto wangu peke yake. Katika vyakula saba alivyovitaja, hakuna hata kimoja ambacho asili yake ni hapa Rusizi. Vyote ni wageni. Kila kimoja kina safari yake, na baadhi ya safari hizo ni ndefu kuliko ya piza.

Kwanza, mahali penyewe

Kwa wale wasiopajua, Gikundamvura ni tarafa mojawapo ya wilaya ya Rusizi, katika pembe ya kusini magharibi ya Rwanda. Mpaka mwaka 2006 sehemu hii ilikuwa ndani ya mkoa wa Cyangugu, na wazee bado wanauita hivyo hivyo. Jina Gikundamvura ukilitafsiri neno kwa neno ni kile kipendacho mvua. Chini yetu umelala uwanda wa Bugarama, wenye joto na mashamba ya mpunga, na mto Rusizi unaopita kando yake ndio mahali pa chini kabisa katika nchi nzima, kiasi cha mita 950 juu ya usawa wa bahari. Ukivuka mto uko Kamanyola, Kongo. Ukivuka mpaka wa Ruhwa uko Cibitoke, Burundi. Siku ya soko utasikia Kinyarwanda, Kirundi na Kiswahili katika bei ya fungu moja la nyanya.

Mto huu Rusizi unatoka Ziwa Kivu na kumwaga maji yake Ziwa Tanganyika. Kwetu sisi hilo ni jambo la kawaida, lakini Wazungu walibishana juu yake kwa miaka. Mwaka 1858 Burton na Speke walifika Uvira wakiuliza kama mto unaingia ziwani au unatoka. Jibu walilithibitisha Livingstone na Stanley mnamo Novemba 1871, walipopanda mtumbwi kutoka Ujiji mpaka ncha ya kaskazini ya ziwa na kuona kwa macho yao kwamba unaingia. Nautaja mto huu kwa sababu maji yanashuka kwenda Tanganyika, lakini vyakula vyetu vingi vilipanda. Vilitoka kwenye ziwa lile vikapanda mpaka kwetu.

Wali na pilau: kutoka pwani hadi Ujiji

Tuanze na sahani ya Idi. Pilau ni neno lililotoka kwa Waajemi, na namna ya kupika mchele kwa mafuta, nyama na viungo ilisambaa kutoka kwao mpaka Uturuki upande mmoja na Bara Hindi upande wa pili. Pwani yetu ya Afrika Mashariki ilipokea mchele mapema. Msafiri mashuhuri wa Kimoroko, Ibn Battuta, alipofika Mogadishu mwaka 1331, kabla ya kuendelea Mombasa na Kilwa, alikirimiwa wali uliopikwa kwa samli, ukapakuliwa katika chano kikubwa cha mti, na juu yake mchuzi wa kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni kulikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, ndimu za kutiwa chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Msomaji, ukiondoa miaka karibu mia saba, je, hiyo si sahani ya Idi unayoijua?

Kutoka pwani wali ulisafiri na misafara. Katika karne ya 19, baada ya Sayyid Said wa Omani kuhamishia makao yake Unguja na mashamba ya karafuu kushamiri huko, njia za biashara zilisukumwa bara mpaka Tabora, na kutoka Tabora mpaka Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Tusifiche ukweli: misafara ile ilibeba pembe za ndovu, na ilibeba pia watu waliotiwa utumwani. Karafuu tunayoitia katika pilau ilichumwa kwa jasho la watumwa. Historia ya chakula haiwezi kuwa tamu kila mahali.

Stanley alipokutana na Livingstone Ujiji mwaka 1871, dunia nzima ilikariri salamu yake. Wachache wanakumbuka kilicholiwa siku ile. Stanley mwenyewe aliandika kwamba wakati wawili hao wanazungumza, majirani wao Waislamu walianza kuleta vyakula. Sayd bin Majid alileta maandazi ya moto ya nyama ya kusaga, Mohammed bin Sali akaleta kuku wa mchuzi wa bizari, na Mwenyi Kheri akaleta nyama ya mbuzi pamoja na wali. Tafakarini hilo. Zaidi ya miaka 150 iliyopita, kando ya ziwa linalopokea maji ya mto wetu, wageni walikirimiwa mchuzi wenye asili ya Kihindi na wali uliofika kwa njia ya pwani, na hakuna aliyeona ajabu. Hayo yalikuwa mapishi ya mataifa, tena yamepikwa nyumbani.

Ulinzi wa mipaka na mlango wa jikoni

Hata hivyo Rwanda haikuwa kama Ujiji. Wafalme wake walikuwa na dola yenye nguvu, na wafanyabiashara wa pwani hawakupata makao humu kama walivyopata Manyema na Unyamwezi. Waswahili waliingia kwa wingi pamoja na Wajerumani. Kituo cha kijeshi cha Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, kilianzishwa mwaka 1897, na Richard Kandt akaanzisha Kigali mwaka 1907. Nyuma ya maafisa walikuja askari, wapagazi, makarani, wapishi na wachuuzi, wengi wao Waislamu wanaosema Kiswahili. Wakaoa, wakajenga, wakazaa. Wabelgiji walipoichukua nchi mwaka 1916 waliwakuta tayari.

Miaka ya ukoloni haikuwa myepesi kwao. Walitengewa mitaa yao, kama Biryogo ya Kigali na Buyenzi ya Bujumbura, na elimu iliyokuwa mikononi mwa misheni iliwapita kando. Neno "umuswahili" likafikia kumaanisha mtu mjanja asiyeaminika. Wazee wetu walilisikia neno hilo sokoni, na watoto wao wakalisikia shuleni.

Lakini wakati mlango wa mbele umefungwa, mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Ushahidi haupo katika vitabu tu, uko katika midomo ya kila Mnyarwanda, awe Mwislamu au asiwe. Mchele anauita umuceri, ambao ni mchele huo huo. Chai anaiita icyayi, sukari isukari, mkate umugati, sahani isahani, sufuria isafuriya, kitunguu igitunguru. Hata viazi mviringo, anapoviita ibirayi, ndani ya neno hilo mna "Ulaya" yetu ya Kiswahili. Mtu anaweza kumdharau jirani kwa maneno makubwa, lakini akirudi nyumbani kupika anaazima maneno ya jirani yule yule. Neno la chakula haliingii katika lugha kwa amri, linaingia pale mtu anapoonja kitu na kuuliza: hiki kinaitwaje?

Vyakula vilivyokuja kwa amri

Tuwe waadilifu na upande wa pili. Si kila chakula kilikuja kwa kukaribishwa.

Maharage, mahindi, viazi vitamu, karanga, nyanya, pilipili na muhogo, vyote asili yake ni bara la Amerika. Vilivuka bahari ya Atlantiki na meli za Wareno na Wazungu wengine baada ya mwaka 1492, vikaingia Afrika kwa pande zote mbili, na vingine, kama maharage, vilifika katika nchi za maziwa makuu kabla Mzungu mwenyewe hajafika. Leo ukimwambia Mnyarwanda kwamba ibishyimbo ni chakula cha kigeni atakushangaa, na ana haki. Vizazi vingi vimevilima mpaka vikawa vyake.

Muhogo una habari nyingine. Baada ya njaa kubwa ya 1928 na 1929, ambayo wazee waliiita Rwakayihura, utawala wa Kibelgiji uliwalazimisha wakulima kulima muhogo na viazi vitamu kama akiba ya njaa. Asiyelima aliadhibiwa. Kwa hiyo ubugari tunaousonga leo kwa furaha, ulipoletwa kwa wengi ulikuja na hofu ya kiboko.

Na sasa tazameni kazi ya akina mama. Chakula kilicholetwa kwa kulazimishwa walikipokea, wakakigeuza. Mizizi ilikuwa amri ya bwana shamba, lakini majani? Hakuna aliyewaagiza kuyapika majani. Isombe ni maarifa ya wanawake wa Kiafrika, yanayojulikana Kongo yote, Burundi na kwetu: yachukue majani machanga ya muhogo, yatwange katika kinu mpaka yalainike, yachemshe kwa muda mrefu bila kufunika ili sumu yake iondoke, kisha utie mawese, kitunguu na unga wa karanga. Haraka haitakiwi, kwani majani ya muhogo yasiyoiva vizuri yanadhuru. Mmea wa Amerika, mafuta ya michikichi ya Afrika, kinu cha bibi. Ukienda Kinshasa utakikuta kikiitwa pondu, nawe utakaa mkekani ukale kama mwenyeji.

Samaki aliyepandishwa mlima

Isambaza je? Watoto wa Kamembe na Rusizi yote wanadhani samaki hao wadogo waliumbwa Ziwa Kivu. Sivyo. Ziwa Kivu lilikuwa na aina chache sana za samaki, na mbali na ufukwe, katika maji yake mapana, hakukuwa na samaki wa kula viumbe vidogo vinavyoelea. Jamii ya dagaa ilikuwa Tanganyika, na maporomoko ya mto Rusizi hayamruhusu dagaa kupanda. Kati ya mwaka 1958 na 1960 vifaranga vilichukuliwa Ziwa Tanganyika na kumiminwa Kivu. Ilichukua muda kabla uvuvi haujashika, lakini kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuendelea isambaza ikawa kitoweo cha watu wengi pande zote mbili za ziwa. Wavuvi hutoka usiku na mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, taa zikiwaka, na alfajiri mzigo uko sokoni.

Kwa hiyo isambaza ni mgeni ambaye umri wake unalingana na wa bibi zetu. Ni mdogo kwa pilau kwa mamia ya miaka. Lakini nani leo anamwita mgeni?

Mpunga wa Bugarama

Na wali wenyewe, ambao zamani mchele wake ulikuja kwa gunia kutoka mbali, sasa unaota chini ya miguu yetu. Tangu miaka ya 1960 wataalamu wa Kichina, kwanza wa kutoka Taiwan, kisha, baada ya Rwanda kuitambua Jamhuri ya Watu wa China mwaka 1971, wa kutoka China Bara, walishiriki kufundisha kilimo cha mpunga katika mabonde ya Rwanda. Uwanda wa Bugarama, kwa joto lake na maji ya mto Rubyiro, ukawa miongoni mwa maghala makubwa ya mpunga nchini. Mchele wa Bugarama unauzwa Kigali kwa jina lake.

Hapa nina neno la kusema kwa upole. Ziko kaya zinazolima mpunga mwaka mzima na kuuza wote, watoto wao wakauona wali siku ya harusi tu. Najua ada ya shule hailipwi kwa sinia la wali. Lakini tukumbuke kwamba chakula kisichopikwa nyumbani hakiwi chetu, hata tukikilima kwa mikono yetu wenyewe. Tenga debe moja kwa ajili ya wanao.

Chapati, sambusa, na waliorudi

Sambusa ni ya Waajemi pia. Ibn Battuta yule yule aliyekula wali Mogadishu aliikuta sambusa miaka michache baadaye katika jumba la sultani wa Delhi: nyama ya kusaga, lozi, kitunguu na viungo, imefungwa katika unga mwembamba na kukaangwa kwa samli. Leo sambusa ya Rusizi mara nyingine imejaa viazi, na kiazi ni mzaliwa wa milima ya Amerika Kusini. Muajemi na Mperu wamekutana katika karai la mama muuza sambusa pale stendi, na hakuna aliyewatambulisha.

Chapati ilikuja na Wahindi. Kati ya 1896 na 1901 zaidi ya wafanyakazi 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kujenga reli ya Mombasa mpaka Kisumu. Wengi walirudi kwao, lakini nyuma yao na kandokando yao walikuja wenye maduka, wakaenea Uganda, Tanganyika, Rwanda na Burundi. Unga wa ngano, kibao na chuma cha kuchomea vikafuata.

Kisha kuna waliorudi. Baada ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, familia nyingi zilirejea Rwanda baada ya kuishi ukimbizini kwa miongo kadhaa, Kongo, Burundi, Uganda na Tanzania. Kila moja ilibeba mapishi ya mahali ilipokulia. Huyu kaja na wali wa nazi, yule na matoke ya Uganda, mwingine na namna ya Kikongo ya kupika samaki kwenye majani.

Na hapo hatuna budi kusema neno zito. Wapo wanaopenda kusema kwamba watu wakila pamoja hawawezi kuuana. Sisi wa nchi hii hatuwezi kulisema hilo. Mwaka 1994, katika wilaya yetu pia, watu waliokuwa wamepelekeana sahani za Idi na za Noeli waliuawa, na waliowaua wengine walikuwa majirani. Sahani peke yake haikumwokoa mtu. Kwa hiyo sidai kwamba mapishi ni dawa ya chuki. Ninachodai ni kidogo zaidi: kwamba mtoto anayejua chakula chake kimetoka kwa nani, itakuwa vigumu kidogo kumdanganya kwamba watu hao si kitu. Na elimu hiyo sisi wazazi tunaweza kuitoa kila jioni, bila ada.

Namna mama alivyojifunza

Nilimpeleka binti yangu kwa bibi yake, yaani mama yangu, Gikundamvura. Akamuuliza, "Bibi, pilau ulifundishwa na nani?"

Bibi akamwambia kwamba alipoolewa hakujua pilau. Jirani yake alikuwa mama mmoja aliyetoka Rumonge, Burundi, na siku ya Idi harufu ya jiko lake ilikuwa inavuka ua. Mama yangu akaenda kuomba moto, ingawa moto alikuwa nao. Yule jirani akaelewa, akamwambia aketi. Vitunguu alivikaanga taratibu mpaka vikawa rangi ya kahawa, lakini visiungue, maana pilau ya vitunguu vilivyoungua ni chungu. Akatia kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, kisha nyama iliyokwisha chemshwa, kisha bizari nzima, mdalasini, iliki, karafuu chache na pilipili manga. Akamimina supu ya nyama, ilipochemka akatia mchele. Maji yalipokaribia kukauka akafunika, akapunguza moto chini na kupalia makaa juu ya kifuniko. Akamwonya: mchele mpya wa Bugarama unywesha supu kidogo, wa zamani ongeza.

"Nawe ulimpa nini, bibi?"

"Nilimfundisha isombe. Yake ilikuwa na mawese mengi kupita kiasi."

Binti yangu aliandika yote hayo. Hakuna kitabu cha mapishi ambacho kingempa kisa hicho, na lau tungechelewa miaka michache, kisingekuwapo tena.

Tukitaka kupika vya mbali zaidi

Sasa, je, tuwakataze watoto piza na shawarma? Hapana, ndugu zangu. Pizani wenyewe wangefanya nini bila nyanya ya Amerika? Wakaribisheni wageni wapya kama bibi zetu walivyowakaribisha wa zamani. Ila tufuate adabu nne.

Kwanza, anza na kilichopo sokoni kwako. Huhitaji duka kubwa la Kigali. Kwa mchele, nyanya, kitunguu na pilipili utapika wali mwekundu wa Afrika Magharibi unaoitwa jollof: saga nyanya na pilipili, kaanga rojo lake kwenye mafuta mpaka mafuta yaelee juu, ndipo utie supu na mchele, ufunike. Kwa mchele na choroko utapika kichuri, ambayo Wahindi wanampikia mgonjwa na mtoto, na watu wa pwani wanaijua. Kwa unga mkavu wa muhogo uliokaangwa na kitunguu na siagi utapata farofa, ambayo Wabrazili huinyunyiza juu ya maharage yao. Na ule ukoko ambao watoto wanagombania chini ya sufuria, Waajemi wanaupika kwa makusudi, wanauita tahdig, na humpa mgeni kama heshima. Mwambie mtoto hivyo siku atakapopewa ukoko.

Pili, soma mapishi yote kabla hujawasha moto. Mapishi mengine ya Ulaya na Asia yanataka mvinyo au mafuta ya nguruwe. Mahali pa mvinyo tia supu na ndimu au siki kidogo, na mafuta tumia ya mimea. Chakula hakitaharibika, na nyumba itabaki na amani.

Tatu, usibadilishe yote mara ya kwanza. Pika kama wenyewe wanavyopika, uonje, ndipo mara ya pili uongeze pilipili yako. Kumsikiliza mgeni kabla ya kumsahihisha ni adabu ya mezani kama ilivyo ya barazani.

Nne, taja ulikotoka. Kabla ya kusema bismillahi, au baada ya kunawa mkono, mwulize mtoto mmoja: hiki kimetoka wapi, na nani alitufundisha? Asipojua, mwambie. Wewe usipojua, mpigie simu bibi.

Binti yangu alirudisha daftari lake likiwa na kurasa tatu. Aliandika Uajemi, Bara Hindi, Amerika, China, Ziwa Tanganyika na Rumonge. Mwalimu alimwandikia chini yake swali moja tu: isombe ya bibi yako inatiwa karanga kiasi gani? Jumamosi hii tunamwalika aje aone mwenyewe, in shaa Allah.

Wabillahi tawfiq.